Barua ya wazi kwa viongozi wa Durham: chuo kikuu, vijiji vya makaa ya mawe na basi la mwisho

Kwa waheshimiwa madiwani wa Halmashauri ya Kaunti ya Durham. Kwa mheshimiwa Meya wa Kaskazini Mashariki ya Uingereza. Na kwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Durham pamoja na wajumbe wa Baraza la Chuo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoitumia kufikiri mambo mazito, na kwa sababu tuko wengi kiasi, kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, tunaofanya kazi katika hospitali na nyumba za wazee za kaunti hii na ambao tungependa kusomana kabla ya kusomwa na wengine. Tafsiri ya Kiingereza nitaifikisha katika ofisi zenu mimi mwenyewe. Ombi langu ni moja, ingawa lina pande mbili zisizoweza kutenganishwa: chuo kikuu kifungue vyumba vya masomo ya jioni katika vijiji vilivyokuwa vya machimbo, na ninyi wenye mamlaka ya usafiri mhakikishe kwamba mtu wa kijijini aliyekwenda mjini Durham kusoma, kusikiliza mhadhara au kutumia maktaba anapata basi la kumrudisha kwake usiku.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Naamka kabla ya alfajiri, nawaosha, nawapa dawa na chai, nawabadilishia shuka, kisha nahamia mtaa mwingine, na jioni nawarudia wale wale kuwaandaa kulala. Wengi wao ni wachimbaji wa zamani wa makaa ya mawe au wajane wa wachimbaji, na kwa kuwa mimi mwenyewe natoka kusini-magharibi mwa Tanzania, upande wa mgodi wa Kiwira, nilipofika hapa sikuhitaji kuelezwa kikohozi chao kinatokana na nini. Katika nyumba hizo nimejifunza historia ya kaunti hii kuliko ambavyo ningejifunza popote, na historia hiyo ndiyo inayonipa ujasiri wa kuwaandikia, mimi niliye mgeni ingawa nalipa kodi ya halmashauri kama jirani zangu.

Nianze na mwaka 1951, kwa sababu wazee huanzia hapo. Tarehe 29 Mei mwaka huo mlipuko ulitokea katika mgodi wa Easington na kuua watu 83, wawili kati yao wakiwa waokoaji walioshuka kuwatafuta wenzao. Mwaka huo huo halmashauri ya kaunti iliandaa mpango wa maendeleo uliovigawa vijiji katika makundi manne, A, B, C na D. Vijiji vya kundi D, vilivyofika 114, viliamuliwa visiwekezwe tena: hakuna nyumba mpya, hakuna barabara mpya, na nyumba zilizochakaa zibomolewe huku watu wakihamishiwa kwingine. Waliopanga hivyo hawakuwa watu wabaya, kwani waliona migodi ya magharibi ikiisha na wakataka fedha chache zilizopo ziende mahali penye uhai. Lakini nimewasikia watu wa miaka 80 wakiitamka herufi ile kama mtu anavyotamka jina la ugonjwa uliomuua mama yake. Vijiji vingine vilifutika, na vingine, kama Witton Park, watu wake walikataa kuondoka, wakapigana kwa mikutano na barua, na kijiji kipo hadi leo. Mpango huo uliachwa mwaka 1977. Naamini kabisa kwamba hakuna hata mmoja kati yenu ambaye angekubali leo kuandika herufi ile kando ya jina la kijiji, lakini kijiji kinaweza kuwekwa katika kundi D bila mtu yeyote kuliandika, kwa kupunguza basi moja mwaka huu na jingine mwaka ujao, kwa kufunga tawi la benki, kwa kuhamishia kila kinachofundisha na kila kinachoburudisha katika mji mmoja.

Mji huo naupenda. Sijaona jengo lililonigusa kama Kanisa Kuu la Durham, lililoanza kujengwa mwaka 1093 juu ya ule mwamba unaozungukwa na mto Wear, na kila ninapopita karibu na kumbukumbu ya wachimbaji iliyomo ndani yake husimama kidogo kwa niaba ya wazee wangu wasioweza tena kupanda kilima kile. Ngome iliyo mkabala na kanisa ni makazi ya wanafunzi. Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1832 kwa mali ya kanisa hilo, na kanisa hilo lilikuwa tajiri kwa sehemu kubwa kwa sababu ardhi yake ilikuwa na madini chini yake. Mtu asiyeamini na aende Ferryhill aulize mgodi wa pale uliitwaje: uliitwa Dean and Chapter, kwa jina la mkuu wa Kanisa Kuu na baraza lake. Sisemi hivyo ili kudai deni la miaka karibu 200. Nasema ili tusizungumze kana kwamba chuo ni kitu kimoja na vijiji ni kitu kingine, vilivyokutana kwa bahati katika ramani moja.

Kuna jambo jingine la kale ambalo mimi kama Mwafrika siwezi kulipita. Mwaka 1876 Chuo Kikuu cha Durham kilikubali kushirikiana na Chuo cha Fourah Bay kule Freetown, Sierra Leone, na tangu hapo vijana wa Afrika Magharibi waliweza kusoma kwao, kufanya mitihani kwao na kupewa shahada za Durham bila kukanyaga Uingereza. Wakati huo safari ilikuwa ya meli ya mvuke, na karatasi za mitihani zilivuka bahari na kurudi. Waheshimiwa wa chuo, watangulizi wenu waliweza kuifikisha shahada yao Freetown mwaka 1876. Kutoka lango la ngome yenu hadi kijiji ninachoishi, katika mwambao wa mashariki, ni kilomita zisizozidi 25, na katika miaka yangu yote hapa sijakutana na jirani aliyewahi kufundishwa jambo lolote na chuo hicho bila kuhama kwao au kuwa na gari. Kwetu husemwa kwamba kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Mti wa mvumo ni mrefu mno, na kivuli chake huangukia mbali na shina, kikawapumzisha wapita njia huku aliyejenga chini yake akiungua jua. Wanafunzi zaidi ya 20,000 mnao, kutoka London, China, Ghuba na hata kwetu, na ni jambo la kujivunia. Nawaombea walio kwenye shina.

Niwaeleze jioni mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mhadhara uliotangazwa kuwa wazi kwa watu wote bila malipo, mjini Durham, kuhusu ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niende, kwa sababu watatu kati ya wazee wangu wana ugonjwa huo na kila wiki nakutana na maswali nisiyo na majibu yake. Nilikaa safu ya nyuma, karibu na mlango, si kwa haya bali kwa hesabu ya saa. Mhadhiri alifundisha vizuri sana. Alipofunga daftari na kusema sasa tuko tayari kwa maswali, mimi ndipo niliponyanyuka na kutoka, kwa kuwa basi la mwisho lenye kunifikisha kijijini lilikuwa linaondoka kabla maswali hayajaisha. Swali langu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, linahusu bibi mmoja anayekataa kula kila jua linapozama. Karatasi ile ninayo mpaka sasa, na bibi yule amekwisha kufariki.

Ya pili ilikuwa nyumbani kwa mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi mpaka mgodi wake ulipofungwa. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka 18, alikuwa mezani anafanya hesabu ambazo mimi sikuzielewa hata kidogo. Nikamwambia: binti, wewe wa kwenda chuo kikuu, tena unacho hapo mlangoni. Akanijibu kwa upole, bila uchungu wowote, kwamba kile si cha watu wa huku. Babu yake hakusema kitu. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili na kutazama dirishani. Najua chuo kina ufadhili na utaratibu maalumu wa udahili kwa vijana wa Kaskazini Mashariki, na nilimweleza. Najua pia kwamba magazeti yaliandika mwaka 2020 jinsi wanafunzi wa Kaskazini walivyokuwa wakichekwa kwa lafudhi yao ndani ya chuo hicho, na binti yule alikuwa amesoma habari hizo kuliko alivyosoma habari za ufadhili. Hakuna kijitabu kitakachomwondolea wazo lile. Litaondolewa na mwalimu wa chuo anayekuja kila Jumanne katika ukumbi ule ule ambako mama yake alifanyia sherehe ya harusi, na ambaye jina lake linajulikana mtaani.

Jambo hili si geni katika kaunti yenu, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Mwaka 1931, wakati migodi mingi imesimama na wanaume wamejaa barazani bila kazi, ilifunguliwa huko Spennymoor nyumba iliyoitwa Settlement. Ilikuwa na maktaba, madarasa ya uchoraji na maigizo, mahali pa kushona, kutengeneza viatu na kujadiliana, na kabla ya vita ikapata ukumbi wake wa tamthilia. Watu waliipa jina la utani, chuo cha wachimbaji. Norman Cornish, aliyeingia mgodi ule wa Dean and Chapter mwaka 1933 akiwa na miaka 14, alipokelewa huko akiwa bado kijana mdogo na akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Kaskazini ya Uingereza. Waheshimiwa madiwani, ndiye aliyechora ule mchoro mkubwa wa maandamano ya wachimbaji ulioagizwa kwa ajili ya County Hall, jengo la halmashauri yenu. Mwandishi Sid Chaplin, naye mchimbaji, alipitia hapo hapo. Sidhani kwamba Spennymoor ilikuwa na damu ya vipaji kuliko Horden, Blackhall au Stanhope. Ilikuwa na chumba chenye moto, vitabu na mtu aliyefungua mlango jioni, na kilikuwa mwendo wa miguu kutoka mgodini.

Wachimbaji wenyewe walilijua hilo kabla ya serikali. Walikatwa mishahara yao kwa hiari wakajenga vyumba vya kusomea na kumbi katika kijiji baada ya kijiji, na mwaka 1915 wakafungua Redhills mjini Durham, ukumbi ambamo kila mgodi ulikuwa na kiti chake chenye namba, ili kijiji kidogo kiseme kwa sauti ile ile ya kijiji kikubwa. Kumbi nyingi za vijijini bado zipo. Nyingine paa linavuja, nyingine hutumika siku mbili kwa wiki kwa chai ya wazee na mazoezi ya watoto. Kwa hiyo siombi chuo kijenge jengo jipya. Naomba kikodi chumba, kilipe kodi ya haki itakayosaidia kuziba paa, kilete walimu, kompyuta na vitabu, na kitoe masomo yanayohesabika katika kupata cheti, tangu hisabati ya kumwandaa mtu kwa udahili mpaka masomo ya afya na utunzaji kwa watu kama mimi ambao tunaifanya kazi hiyo kila siku na hatuna karatasi yake. Wanafunzi wenu wa udaktari wa falsafa wanaotafuta uzoefu wa kufundisha watapata hapa darasa litakalowauliza maswali magumu.

Tena yapo mambo ambayo chuo kitayapata kijijini tu. Wataalamu wa nishati wa Durham wamekuwa wakichunguza jinsi ya kupasha nyumba joto kwa maji yaliyojaa katika mashimo ya migodi iliyofungwa, na jirani zetu wa Gateshead wameanza kuyatumia tangu mwaka 2023, wakiyavuta kutoka kina cha mita 150 hivi. Wanaokaa juu ya maji hayo ni wazee wangu, ambao wakati wa baridi huzima jiko la gesi na kuniomba niwaongezee blanketi. Baadhi yao wanayajua mashimo hayo kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake, na kila mwaka wanapungua.

Sasa nije kwenye basi, kwa sababu bila basi yote niliyoyasema ni nusu ya ombi. Watu huniambia siku hizi kuna treni, na ni kweli kwamba kituo cha Horden kilifunguliwa upya mwaka 2020, jambo lililotufurahisha sana. Lakini reli ile inafuata pwani, inakwenda Sunderland na Newcastle upande mmoja na Hartlepool na Middlesbrough upande mwingine, na haipiti mji wa Durham. Anayetaka kwenda makao makuu ya kaunti yake mwenyewe hana budi apande basi. Tangu sheria ya mwaka 1985, mabasi nje ya London yaliachiwa kampuni binafsi zijiamulie njia na saa, na kampuni huenda palipo na abiria wengi. Sizilaumu kwa kutafuta faida, ndiyo kazi yake. Lakini saa tatu usiku kijijini kwangu abiria huwa ni mhudumu anayetoka zamu, kijana aliyetoka kupika hotelini na mwanamke anayetoka kumwona mumewe hospitalini, na watu watatu hawawezi kulipia basi. Hapo ndipo penye kazi ya serikali. Mheshimiwa Meya, mamlaka unayoiongoza ilianza Mei 2024 ikiwa na uwezo wa kuyaweka mabasi chini ya usimamizi wa umma, njia ambayo Manchester imekwisha kuipita na kuikamilisha mwanzoni mwa mwaka 2025. Naomba hatua hiyo inapofikiriwa hapa, hesabu isianzie kwenye njia zenye abiria, bali ianzie kwenye vijiji ambavyo jioni havifikiki, na mabasi ya mwisho kutoka mjini Durham yapangwe kufuata saa za chuo: saa ya maktaba, saa ya mihadhara, saa ya madarasa ya jioni. Na chuo, ambacho kina walimu, wapishi na wasafishaji wanaotoka vijiji hivyo hivyo, kichangie gharama.

Nitaulizwa fedha zitatoka wapi, na ni swali la haki. Nawaomba tu mlipime pamoja na haya. Halmashauri ilijenga jengo jipya la makao yake makuu kando ya mto, pale Sands, kisha likauzwa kwa chuo kikuu na sasa ni shule yake ya biashara. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake na sina nia ya kuufufua, lakini ulionyesha kwamba taasisi hizi mbili zinaweza kukaa meza moja na kukubaliana juu ya mamilioni ya pauni zinapotaka. Nyumba zinazokaliwa na wanafunzi peke yao hazitozwi kodi ya halmashauri, na hiyo ni sheria ya nchi wala si kosa la wanafunzi. Wao wenyewe wanaumizwa na bei za vyumba, na mwaka 2022 walionekana wamepanga foleni usiku kucha mjini ili wapate nyumba ya mwaka unaofuata. Wakati huo huo mitaa ya Horden ina nyumba ambazo ni kati ya za bei ya chini kabisa Uingereza, nyingine madirisha yamepigwa mbao. Basi la usiku linapita pande zote mbili: linalomrudisha mzee kutoka mhadhara linaweza pia kumleta mwanafunzi wa mwaka wa tatu akapanga chumba karibu na bahari kwa bei anayoimudu, akanunua mkate dukani kwetu, akaimba katika kwaya ya kanisa isiyo na sauti za vijana.

Mimi siombi haya kwa ajili ya kuondoka. Mgeni anapopokelewa vizuri huanza kuona aibu ya nyumba kama aibu yake. Nilipofika hapa sikujua hata mtu mmoja. Siku ya kwanza ya theluji, mwanamume wa nyumba ya pili alisafisha njia ya mlangoni kwangu kabla hajasafisha yake, na sikujua mpaka nilipoona alama za koleo. Kila mwaka Jumamosi ya pili ya Julai nawasindikiza wazee wanaoweza kutembea hadi kwenye sherehe kubwa ya wachimbaji mjini Durham, iliyoanza mwaka 1871, na naona bendera za vijiji ambavyo migodi yake ilifungwa kabla sijazaliwa zikibebwa na watoto, nyingine zikiingizwa kanisani kwa muziki wa tarumbeta huku watu wazima wakilia waziwazi. Siku hiyo mabasi huwa ya kutosha, yamekodishwa na vijiji vyenyewe, na mji wote ni wa kwao mpaka jioni.

Waheshimiwa, nawaalika kijijini. Ukumbi upo, nimekwisha kumwomba mwenye ufunguo, na wanawake wa chai ya Alhamisi wamekubali kuandaa viti na keki. Njooni watatu pamoja, Halmashauri, Meya na Chuo, siku yoyote ya katikati ya wiki, saa kumi na mbili jioni, baada ya watu kutoka kazini. Nawaomba mje kwa basi na kuacha magari yenu, ili mpite njia tunayopita. Binti wa hesabu atakuwepo, na babu yake nitamleta kwenye kiti chake cha magurudumu. Ajenda itafuata ratiba ya basi la kurudi, na itakapofika saa ya kuondoka nitawasindikiza mimi mwenyewe mpaka kituoni, hata kama maswali yatakuwa hayajaisha.

Wenu kwa heshima,

Mtunza wazee, mwambao wa mashariki, Kaunti ya Durham